Watoto Wetu, Michezo na Simu



Leo chama chetu kinatimiza miaka kumi. Sisi wa kamati ya malezi tumepewa nafasi ya kusema machache kuhusu watoto, maana akiba hii tunawawekea wao.

Mnaukumbuka mwezi wa Machi 2020. Korona iliingia Kenya, shule zikafungwa, na tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Madarasa machache yalirudi Oktoba. Wengine walingoja hadi Januari 2021. Muda huo wote watoto tulikuwa nao nyumbani, wengi wetu katika chumba kimoja.

Masomo yalikuja kwa redio, televisheni na simu, na tunashukuru. Lakini somo likiisha, katuni ilifuata, kisha gemu, mpaka usiku. Mtoto aliyezoea kwenda shule kwa miguu, na kucheza kati au kandanda wakati wa mapumziko, alinyang'anywa yote hayo kwa siku moja. Basi akina mama, shule zimefunguliwa zamani, lakini mazoea ya simu hayakuondoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za michezo inayompandisha pumzi. Wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja, na wa chini ya hapo asiwekewe kabisa. Michezo hujenga mifupa, misuli na moyo, na huleta usingizi mzuri. Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Nani asiyelijua hilo humu ndani?

Tena, tusiwasahau wasichana. Kaka akitoka kucheza, dada huachiwa vyombo na mtoto wa kubeba. Dakika 60 ni haki yake pia.

Kwa hivyo tunaleta ombi. Katika mkutano ujao, tutenge fedha kidogo za kununua kamba na mipira, na kila Jumamosi akina mama wawili washike zamu uwanjani. Kamba haili bando wala haihitaji chaji.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.