Dawa za Shamba na Uzazi wa Mkulima



Dawa ya shamba inayotapisha au kuwasha macho hujitangaza yenyewe, na mkulima huiogopa. Lakini iko sumu isiyomtia mtu hata kikohozi. Huishi nayo miaka akijiona mzima, kumbe imekwisha kumharibia uzazi.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1977 katika kiwanda kimoja huko Lathrop, jimbo la California, Marekani. Humo ilitengenezwa dawa iitwayo DBCP, ya kuua minyoo ya udongoni ishambuliayo mizizi ya mazao kama ndizi na mananasi. Wanaume wa kiwanda hicho hawakuwa na ugonjwa wa kuonekana. Ni katika mazungumzo yao wenyewe tu walipong'amua kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi walikuwa na mbegu za uzazi chache mno, na wengine hawakuwa nazo kabisa. La kusikitisha ni kwamba tangu mwaka 1961 watafiti walikwisha kuchapisha habari kuwa dawa hiyo husinyaza korodani za panya. Habari ilikuwapo, walioishika dawa kwa mikono yao hawakuipata. Marekani iliizuia kwa karibu mazao yote mwaka 1979, lakini huko Costa Rica vibarua wengi wa mashamba ya ndizi walikuwa wamekwisha kudhurika.

Vijijini, nyumba ikikosa mtoto, wa kwanza kulaumiwa ni mke. Atazungushwa kwa waganga, pengine ataachwa, na hakuna aulizaye mume hushika dawa gani.

Mama naye ana hatari yake. Viungo vya mtoto huanza kujengeka katika majuma ya kwanza ya mimba, mara nyingi kabla mwenyewe hajajitambua. Kwa hiyo nguo za kunyunyizia dawa zifuliwe peke yake, wala asizifue mwenye mimba.

Kwa Makatibu, kazi iko ghalani. Dawa isigawiwe katika chupa za soda. Itolewe katika kopo lake lenye maelezo, na asiyejua kusoma asomewe kabla ya kutia dole gumba katika karatasi ya mkopo, haichukui muda. Kopo lisilo na maelezo lirudishwe Chama Kikuu. Na mwanachama atakayelalamika kuwa hapati mtoto ashauriwe kwenda hospitali pamoja na mkewe, wapimwe wote wawili, naye achukue majina ya dawa alizotumia, yameandikwa.