Ndugu Tusiowachagua: Jumuiya ya Kikristo na Maisha ya Watu wa Rubafu

Mhadhara wa umma



Naomba nianze na swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara. "Mwalimu, mimi namwamini Mungu. Biblia ninayo, chumbani kwangu nasali, na mahubiri nayasikiliza kwenye simu. Sasa kanisani nafuata nini?" Ni swali la haki, na anayeliuliza hastahili kukaripiwa. Jibu langu ni hili: imani ya Kikristo humpa mtu ndugu asiowachagua, kisha humdai wajibu kwao, na wajibu huo hautimizwi na mtu aliyejifungia peke yake. Jibu hilo nitalitetea kwa historia ya Kagera, maana sisi watu wa mkoa huu tumelilipia gharama.

Watu walitangulia majengo

Wamisionari wa Afrika, hao tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mwaka 1892. Kwa upande wa Waprotestanti mambo yalianza kwa njia nyingine. Wahaya waliokwenda Buganda walijifunza huko kusoma, wakarudi na vitabu na imani, wakaanza kukusanyika majumbani. Miongoni mwa viongozi wao anakumbukwa Andrea Kajerero. Ernst Johanssen na wenzake wa misheni ya Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta waumini wameshaanza kukutana. Miaka michache baadaye Vita ya Kwanza ya Dunia ikawaondoa wamisionari Wajerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa wenyeji. Hazikufa.

Kisa hicho kina somo kubwa. Kanisa la kwanza la Kiprotestanti katika Buhaya halikuwa na mnara wala kengele, na kuna wakati halikuwa hata na mchungaji. Lilikuwa na watu waliojuana kwa majina, waliofundishana kusoma, na ambao mmoja asipoonekana wenzake walikwenda kumtafuta. Ukiviondoa vyote vingine na kuacha hicho, kanisa linaendelea kuwapo. Ukikiondoa hicho na kuacha vingine vyote, umebaki na jengo.

Ukoo: nguvu yake na mpaka wake

Atakayeniambia kwamba Mhaya alikuwa na jumuiya kabla ya Ukristo, nitamkubalia mara moja. Ukoo ulimpa mtu jina, mwiko, kibanja cha migomba na kahawa, na mwisho kaburi ndani ya kibanja hichohicho, karibu na babu zake. Wazee wetu walijua pia kwamba damu ya kuzaliwa haitoshi kwa mahitaji yote ya maisha. Ndiyo maana walikuwa na omukago. Watu wawili wa koo mbili walikaa pamoja, wakachanjwa, kisha punje mbili za buni kutoka tunda moja zikapakwa damu yao, kila mmoja akala ya mwenzake. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu, na mzigo wa mmoja ulimwangukia mwingine.

Lakini ukoo ulikuwa na mpaka. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoanzia katika mahakama ya mwanzo huko Muleba. Mwanamke alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliiuza. Jamaa wa ukoo wakapinga, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikasema mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Wanasheria hulisoma shauri hilo kwa ajili ya haki za wanawake, nao wako sahihi. Mimi naliona pia swali lingine ndani yake: mama huyo alipokosa wa kumtunza, ndugu zake walikuwa wapi?

Mwangalieni na mgeni. Kwenye mialo ya ziwa letu wanaishi wavuvi waliotoka Ukerewe, Mara, Usukumani na Kigoma. Mvuvi wa namna hiyo hana shangazi kijijini kwetu Rubafu, wala kibanja. Akiugua usiku, nani atambeba? Akifa, nani atamwosha, na atazikwa wapi? Ukoo una jibu kwa walio wake. Kwa asiye wake hauna, na kuulaumu si haki, maana haukuundwa kwa kazi hiyo.

Jambo hili alilishughulikia kwa kina Askofu Josiah Kibira, mwana wa Kagera aliyeiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kilutheri tangu 1964, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kitabu chake cha kitaaluma cha mwaka 1974 kinahusu kanisa, ukoo na ulimwengu, vitu vitatu pamoja. Katika miaka hiyohiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa wakijiuliza swali linalofanana na lake. Mwaka 1973 walikutana Nairobi, na mwaka 1976 wakaweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kazi yao. Mlutheri na Wakatoliki, kila mmoja kwa njia yake, walielekea mahali pamoja: parokia au usharika wenye maelfu ya watu hauwezi kumjua mtu mmoja mmoja, lakini kaya chache za jirani zinaweza.

Jumuiya ikitazamwa kwa karibu

Hebu tuitazame jumuiya ya namna hiyo kijijini kwetu. Kaya zinapokezana zamu ya kuwapokea wenzao. Mwenye zamu ametandika nyasi mbichi sakafuni. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinapitishwa, na mgeni anapewa kwanza. Linasomwa somo la Jumapili inayokuja, kila anayetaka anasema neno, hata bibi asiyejua kusoma, na mara nyingi neno lake ndilo linalobaki vichwani. Wanaomba, wanaimba.

Kisha katibu anafungua daftari. Mama wa nyumba ile ya bondeni amelazwa mjini: nani atakwenda kumlalia wodini kesho, na nani atawapikia watoto? Mzee wa pale juu paa lake limevuja tangu masika: vijana wanaahidi nyasi, mwingine bati kuukuu mbili. Mtoto wa jirani amechaguliwa kidato cha kwanza, sare hana. Mweka hazina anahesabu mchango mbele ya wote na kutaja kilichobaki. Mwishoni mwenyekiti anawataja wanaume wawili wanaogombea mpaka wa vibanja vyao, walioketi kila mmoja upande wake tangu kikao kianze. Anawaomba wabaki, na wazee watatu wanabaki nao.

Hakuna muujiza ndani ya daftari hilo. Na hata hivyo, ukimtoa mtu humo, umemtoa mahali pekee ambapo homa yake ni ajenda ya kikao. Mahubiri ya kwenye simu yanaweza kuwa mazuri kuliko ya padre au mchungaji wetu. Lakini simu haitajua kwamba hukuonekana wiki mbili, wala haitabeba jeneza lako.

Faida ya pili haionekani upesi. Ndani ya jumuiya unakaa na mtu ambaye usingemchagua: aliyekushinda uchaguzi wa kijiji, anayekudai, anayeimba vibaya. Kumpenda binadamu kwa ujumla ni rahisi. Kumvumilia huyu, kila wiki, miaka ishirini, ndiyo shule yenyewe ya imani. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili wenye viungo vingi, aliwaandikia watu waliokuwa wakigombana. Hakuwaambia watawanyike.

Jaribu la ukimwi

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu. Kabla ugonjwa haujajulikana, watu wa Bukoba waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa wakati ule kwa magendo ya mpakani. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Vijiji vya Bukoba na Muleba navyo vilipigwa. Zilikuwepo nyumba walizobaki bibi na wajukuu peke yao, na zilikuwepo nyumba alizobaki mtoto wa kwanza akiwalea wadogo zake.

Hapo ukoo ulizidiwa. Shangazi wa kuchukua yatima mmoja alikuwepo. Shangazi wa kuchukua yatima tisa wa ndugu watatu alikuwa haba. Hospitali za makanisa, kama Ndolage ya Walutheri na Rubya ya Wakatoliki, zilipokea wagonjwa kupita uwezo wa vitanda vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huduma ya Watoto, inayojulikana zaidi kama HUYAWA, ili kuwasaidia yatima wakiwa kwenye vijiji vyao. Kazi ya namna hiyo inategemea watu wa karibu wanaojua mtoto yupi amelala njaa jana. Ofisi ya mjini haiwezi kujua hilo. Jirani wa jumuiya anajua.

Maambukizi yalishuka baadaye: Bukoba mjini yalifika takriban asilimia 18 mwaka 1993 na 13 mwaka 1996. Sidai kwamba kanisa ndilo lililoyashusha, maana serikali, watafiti, mashirika, Waislamu na wananchi wote walifanya kazi. Tena palikuwa na mimbari zilizomwita mgonjwa mwenye dhambi kabla ya kumwita ndugu, na hilo lazima tulitubu. Ninachodai ni kwamba mtu aliyepangusa vidonda vya asiye wa damu yake, bila kulipwa, alifundishwa mahali fulani kwamba huyo ni wake.

Jumuiya mbaya nazo zipo

Nisipotaja hatari nitakuwa nimewadanganya. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 tu. Walitoka Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa, ambako watu waliuawa ndani ya makanisa, na waliobatizwa pamoja nao walikuwa miongoni mwa wauaji. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaita wafunge hadi kufa. Basi kuwa na jina katika rejista ya ubatizo hakutoshi, na kuwa na kundi linalokushika kwa nguvu kunaweza kuwa maangamizi.

Kwa hiyo nawapeni vipimo vinne. Jumuiya njema humrudisha mtu kwa mke, mume, wazazi na majirani zake, haimtengi nao. Fedha zake huhesabiwa mbele ya wote. Kiongozi wake anaweza kuulizwa na kukosolewa. Na mlango wake humfungukia asiye na faida kwake: mvuvi mgeni, mjane, mlemavu, jirani Mwislamu aliyefiwa. Kanisa likishindwa vipimo hivi, anayelipenda asikae kimya.

Wito

Kwa vijana nasema hivi. Wengi wenu mtaondoka Rubafu kwenda Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, wengine mbali zaidi. Kabla ya kuondoka chukueni barua ya utambulisho parokiani au usharikani, na mkifika ipelekeni wiki ya kwanza, kabla hamjapatwa na shida. Atakayesubiri msiba ndipo atafute ndugu, atakuwa amechelewa.

Kwa viongozi wa kanisa: michango isiwe mlango wa kuingilia. Mjane asiyeweza kutoa asisomwe jina hadharani, wala maiti yake isikataliwe kwa deni la kadi ya michango. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeifukuza jumuiya kutoka kanisani kwa mikono yenu.

Na kwa yule anayesali peke yake chumbani: sala yako Mungu anaisikia, sina shaka. Lakini yupo jirani yako ambaye Mungu amemjibu sala yake kwa kukuweka wewe nyumba ya tatu kutoka kwake, na hujafika. Wiki hii jumuiya ya mtaa wako itakutana. Uliza ni nyumbani kwa nani, uende.