Nargis na Hukumu Mbili



Maoni yangu ya leo yahusu picha mbili za kale za Kihindi, Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, pamoja na mwanamke aliyezibeba zote mbili, ambaye ni Nargis. Katika zama zile waigizaji hodari walikuwa wengi, wa kike kwa wa kiume, na kila mmoja wao ana watu wake wanaomtetea hata leo. Lakini mimi nasema pasi na kusita kwamba Nargis aliwapita wote, na sababu yake si uzuri wa sura, maana wazuri kuliko yeye walikuwapo, wala si wingi wa picha alizocheza, bali ni kwamba katika picha hizi mbili aliwekwa mahali pazito kuliko pote anapoweza kuwekwa binadamu, yaani baina ya haki na watu awapendao, naye katika kila moja akaihimili dhima hiyo mpaka mwisho wake.

Tuanze na Awaara. Raj Kapoor aliitengeneza na kuicheza mwenyewe ilhali hajatimiza hata miaka 30, kwa kisa alichokiandika Khwaja Ahmad Abbas, na kisa hicho kimesimama juu ya suala moja, kwamba je, tabia ya mtu hutokana na nasaba yake au na malezi yake? Hakimu Raghunath aitakidi kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na kwa itikadi hiyo alimtia hatiani Jagga, mtu asiye na kosa, kwa sababu tu babake alikuwa mhalifu. Naye Jagga, alipotoka kifungoni akiwa sasa jambazi wa kweli, akamteka mke wa hakimu na kumzuia siku chache, kisha akamwachia, makusudi ili shaka imwingie mumewe. Shaka ikamwingia. Akamfukuza mkewe mja mzito usiku wa mvua, kwa kuchelea ndimi za watu, na mtoto, aitwaye Raj, akazaliwa njiani, akakulia katika vibanda vya maskini vya Bombay, akang'arisha viatu vya watu, akafukuzwa shule, na mwisho akaangukia mikononi mwa Jagga yule yule, aliyemfundisha wizi ili athibitishe kwamba hata mtoto wa hakimu, akilelewa na mwizi, huwa mwizi.

Nargis yeye ni Rita, wakili kijana aliyelelewa na hakimu huyo, na ambaye tangu utotoni moyo wake umefungamana na Raj. Pana tukio dogo katika sherehe ya siku yake ya kuzaliwa ambalo silichoki kulitazama. Raj amwendea na mkufu mkononi, mkufu bila ya kisanduku chake. Baadaye hakimu naye amtolea zawadi yake, na kumbe ni kisanduku kitupu, kwa kuwa mkufu uliokuwamo umeibiwa njiani na mtu asiyemjua. Rita ameshika kisanduku, ameutazama mkufu, na bila ya kuambiwa neno lolote akafahamu kuwa mtu ampendaye ni mwizi. Tena akanyamaza, asimfedhehi mbele ya wageni. Mwigizaji wa daraja ya chini angelia pale, au angejishika kifua. Nargis auacha uso wake ufanye kazi yote, na mtazamaji, hata kama hajui neno moja la Kihindi, aona jinsi mtu anavyopata kujua jambo ambalo angetamani asilijue.

Kisha mahakama. Raj ashitakiwa kwa kutaka kumwua hakimu Raghunath, na wakili wake ni Rita, na shahidi anayepaswa kuhojiwa ni mlezi wake Rita mwenyewe, mtu aliyemlisha na kumsomesha. Amesimama na joho lake la uwakili, amhoji mzee huyo juu ya mke aliyemfukuza na mtoto ambaye hakutaka kumkubali, na kila suala alitoalo lampunguzia utulivu hakimu yule aliyezoea yeye kuuliza na wengine kujibu. Nani aliyekuwa akihukumiwa siku ile? Sheria ilisema ni Raj. Lakini Nargis, kwa namna alivyomkabili mlezi wake kwa heshima na ukali kwa pamoja, aligeuza shauri lote, hata hakimu akawa ndiye mwenye kujibu mashitaka, na mwana, ijapokuwa alihukumiwa kifungo cha miaka 3, akawa ndiye aliyetendewa insafu. Taathira ya tukio hilo yazidi mtu akumbukapo kuwa Prithviraj Kapoor, aliyecheza kama hakimu, ni baba mzazi wa Raj Kapoor, na kwamba mtoto aliyecheza utoto wa Raj ni Shashi, nduguye mdogo.

Picha hizi zilifika kwetu mapema, na kwetu zilipata makazi. Unguja palikuwa na Majestic, jumba lililosimamishwa upya katikati ya miaka ya 1950 baada ya jengo la awali kuteketea kwa moto, na Dar es Salaam palikuwa na Avalon na Empire. Tena palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama zetu na shangazi zetu, waliokuwa hawatoki ovyo, walitoka kwa mabuibui yao, wakaingia sinema, wakakaa karibu saa tatu wakimtazama mwanamke mwenzao akimhoji hakimu. Nyimbo nazo zikatoka katika majumba yale zikaingia harusini. Waimbaji wetu wa taarabu wakazichukua sauti za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili, na katika fani hiyo hapana aliyemfikia Juma Bhalo wa Mombasa, Mungu amrehemu, ambaye ukimsikiliza hudhani waimbaji wa Kihindi Lata Mangeshkar na Mukesh walikuwa wakazi wa Mji wa Kale.

Naja sasa kwenye Mother India, nami hapa naomba subira yenu, kwa kuwa ndiyo picha niipendayo kuliko zote nilizopata kuziona.

Mehboob Khan, aliyekuwa amekwisha kukisimulia kisa hiki mwaka 1940 katika picha iitwayo Aurat, alikirudia kwa rangi na kwa gharama kubwa, na akamkabidhi Nargis, ambaye alikuwa na miaka 28 tu wakati picha ilipotoka, amcheze Radha tangu anapoingia nyumba ya mumewe akiwa bibi harusi hata anapokuwa kizee mwenye mvi. Harusi ya Radha iligharimiwa kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, na kwa kuwa mama mkwe hakujua kusoma, wazee waliposikiliza daawa wakampa ushindi mwenye karatasi. Tangu siku ile robo tatu ya mavuno ya kila mwaka ikawa ni riba, na deni lenyewe likabaki pale pale. Sidhani kama palikuwa na haja ya kumfasiria mkulima wa karafuu wa Pemba maana ya jambo hilo, yeye aliyejua rehani ya shamba ni nini, na aliyewahi kuuza mavuno yake yangali juu ya mti.

Mume wa Radha, akijaribu kusafisha ardhi ya mawe ili wapate cha ziada, aangukiwa na jiwe kubwa, mikono yake miwili yakatika, na kwa haya ya kulishwa na mkewe aondoka usiku asirudi tena. Yaja gharika, yachukua mazao na watoto. Na Sukhilala, ambaye ana chakula, ataka malipo ambayo mwanamke mwenye heshima hawezi kuyalipa. Radha akataa. Akataa na njaa imo nyumbani, na watoto wawili waliosalia wamtazama. Kisha yaja ile sura ambayo imebandikwa katika kuta nyingi za dunia hii: Nargis amejifunga jembe la kukokotwa mabegani, mahali pa ng'ombe, ajivuta katika matope. Wengi hulisifu tukio hilo kwa nguvu za mwili zilizomo. Mimi nalisifu kwa sababu haombi huruma ya mtazamaji hata kidogo. Amezama katika kazi. Angekuwa ni mtu wa kujionyesha, macho yake yangetutafuta sisi tuliokaa kitini; lakini macho yake yako ardhini, ambako ndiko chakula cha wanawe kitakakotoka.

Na wanawe ndio msiba wake. Mkubwa, Ramu, ni mpole. Mdogo, Birju, amekula uchungu wa deni tangu utotoni, na akikua huwa jambazi, amwua Sukhilala, azichoma karatasi za madeni, kisha amteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Hapo ndipo Radha, ambaye amempenda Birju kuliko mtoto mwingine yeyote, amsimamia njiani na bunduki mkononi. Heshima ya binti yule, kwake yeye, ni heshima ya kijiji kizima, na ni heshima ile ile aliyokataa kuiuza yeye mwenyewe siku za njaa. Basi mwana hamsikii, na mama apiga risasi, kisha amkimbilia kumpokea kabla hajaanguka, na roho yamtoka Birju mikononi mwa mama yake. Tazameni nyuso mbili alizonazo Nargis katika muda usiotimia dakika moja: uso wa kadhi atoaye hukumu, na uso wa mzazi aliyefiwa. Hapana pazia lililoshuka baina ya nyuso hizo. Ni mtu mmoja, na wala hajutii haki aliyoitenda, na wala haitamfariji haki hiyo mpaka afe.

Katika Awaara alimtetea mwana mbele ya baba. Katika Mother India amhukumu mwana naye ndiye mama. Sijaona katika sinema ya taifa lolote mwigizaji mwingine aliyezishika ncha hizi mbili za jambo moja, kila moja kwa ukweli wa namna hii.

Yafaa nitaje pia kwamba Sunil Dutt, aliyecheza kama Birju mwanawe, alikuwa rika lake. Na moto ulipowaka kupita kiasi walipokuwa wakipiga picha, ukamzingira Nargis, kijana yule aliingia ndani ya miali akamtoa, akaungua, na mwaka 1958 wakaoana. Mwaka huo huo tamasha la Karlovy Vary, kule Chekoslovakia, lilimpa Nargis tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na Mother India yenyewe ikawa picha ya kwanza ya India kuteuliwa kugombea Oscar.

Najua wapo watakaonijibu kwa jina la Madhubala, na picha ya Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, ambamo, akicheza kama Anarkali, alivaa minyororo ya chuma cha kweli ilhali moyo wake ulikuwa na maradhi yaliyomwua mwaka 1969, akiwa na miaka 36. Nami nakubali kuwa hakupata kuonekana katika sinema uso mzuri kuliko ule, na kwamba ukaidi wake mbele ya mfalme Akbar ni jambo la kukumbukwa. Lakini Anarkali wa Madhubala ateseka kwa hukumu za watu wengine. Radha atoa hukumu mwenyewe, na huo ndio mzigo mkubwa zaidi.

Baada ya ndoa Nargis aliiacha sinema, isipokuwa alirejea katika Raat Aur Din ya mwaka 1967, na akafariki kwa saratani tarehe 3 Mei 1981, akiwa na miaka 51, siku chache kabla ya kuzinduliwa picha ya kwanza ya mwanawe, Sanjay Dutt.

Wazee mnaonisikiliza, mliozitazama picha hizi zilipokuwa mpya, nakuombeni mziweke mbele ya wajukuu wenu, nzima nzima, si kwa vipande vya nyimbo peke yake. Na mkae nao, muwafasirie pale Kihindi kinapowashinda, kama mlivyofasiriwa ninyi na waliokuwa wamekaa viti vya jirani. Anzeni na Awaara, na kesho yake muwaoneshe Mother India, kwa utaratibu huo.