Jina Jema Nyumbani, Tusi Uwanjani

Mada tuliyoichagua huenda ikaonekana ndogo mbele ya habari za vita na uchumi mnazozisikia kila siku, lakini imo ndani ya nyumba nyingi zenye watoto. Tunazungumzia majina ambayo watoto huwapa wanyama wao wa kufuga katika michezo ya intaneti, na jinsi jina lenye maana njema katika lugha moja linavyoweza kuhesabiwa kuwa ni tusi katika lugha nyingine.

Twendeni Samail. Mji huu uko katika mkoa wa Dakhiliyah nchini Oman, kwenye bonde linalopasua milima ya Hajar na kuiunganisha pwani na nchi ya ndani. Ni mji wa mitende, na ndipo ulipo msikiti unaonasibishwa na Mazin bin Ghadhuba, anayetajwa kuwa Muomani wa kwanza kusilimu. Miji ya Dakhiliyah na ya eneo jirani la Sharqiyah, kama vile Nizwa, Ibra na Sur, ilitoa wasafiri wengi waliokwenda Unguja, Pemba na Mombasa, na wengine wakaingia bara hadi Kongo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi katika vizazi vyao walirejea Oman, nao walirejea na Kiswahili chao. Hivyo basi, ziko nyumba ambamo bibi huzungumza Kiswahili, baba hujibu kwa Kiarabu, na mjukuu huandika kwa Kiingereza katika simu yake ya mkononi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa nyumba kama hiyo. Katika mchezo wake amepewa farasi, naye anatakiwa ampe jina. Anamwendea babu yake, na babu anamwambia: mwite Kusi. Kwa mzee huyo hakuna jina zuri kuliko hilo. Kaskazi ndio upepo uliovipeleka vyombo vya Sur na Maskati hadi Unguja, na kusi ndio upepo uliovirudisha. Mwenye kungoja kusi alikuwa akingoja kurudi kwao. Mtoto anaandika herufi nne, na farasi anaingia uwanjani.

Uwanjani humo wamo watoto wengine wa Oman, na wa nchi nyingine za Ghuba. Wao hawaujui upepo wa kusi. Masikio yao, yaliyolelewa kwa Kiarabu, yanasikia katika herufi hizo neno la aibu ambalo mama zao wamewakataza kulitamka. Baadhi yao wanacheka, wengine wanachukizwa, na mmoja anabonyeza kitufe cha kumshitaki mwenziwe kwa wasimamizi wa mchezo.

Hapana mkosaji katika kisa hiki, wapenzi wasikilizaji. Babu hakutukana, mjukuu hakutukana, na yule aliyeshitaki naye alifanya kama alivyofunzwa. Tusi lililopatikana halikutoka kinywani mwa mtu yeyote. Limezaliwa katikati, pale lugha mbili zilipopishana.

Jambo hili halikuanzia Oman. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujiandikisha katika kampuni ya intaneti ya AOL, kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi nne zilizofuatana ambazo, zikisimama peke yake, ni tusi la Kiingereza. Mwaka 2010 mchezaji mmoja wa Marekani alifungiwa na mtandao wa michezo wa Xbox Live kwa sababu alitaja kwamba anakaa Fort Gay, mji mdogo ulioko katika jimbo la West Virginia. Waliomfungia hawakusadiki kwamba mji wenye jina hilo upo, na baadaye kampuni ya Microsoft ilikiri kosa na kuomba radhi. Na mwaka 2020, wataalamu wa mifupa ya wanyama wa kale walipokutana kwa njia ya intaneti, programu ya kuzuia matusi iliwazuia kuandika neno la Kiingereza lenye maana ya mfupa!

Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Mashine hupewa orodha ya maneno yaliyokatazwa, kisha hulinganisha herufi na herufi. Haimwoni msemaji, haijui umri wake, wala haiulizi amekusudia nini. Na pale mashine inaposhindwa, shauri hupelekwa kwa msimamizi aliye mbali, ambaye pengine hajapata kusikia kwamba duniani kuna upepo uitwao kusi.

Nasi Waswahili tusijione kuwa tumesalimika, kwani masikio yetu nayo huhukumu. Wajapani wana neno lenye maana ya dubu, nao hupenda kuwaita hivyo wanyama wao, kwa kuwa dubu kwao ni mnyama mwenye nguvu na mwenye kupendeza. Neno hilo limo mwanzoni mwa jina la mji wa Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Msikilizaji wa Kiswahili aliyepata kusoma jina la mji huo mbele ya wakwe zake anafahamu vyema tunachokisema. Mtoto wa Kijapani akimwita mnyama wake dubu kwa lugha ya mama yake, je, ametukosea adabu?

Mfano mwingine uko karibu zaidi na sisi. Jina la Asia, au Asiya, ni jina la heshima kwa Waislamu, kwa kuwa ndilo jina la mke wa Firauni aliyeamini. Lakini Kiarabu kina neno jingine linaloanza kwa herufi ya ain, na maana yake ni mwanamke mwenye kuasi. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (SAW) alimbadilisha jina binti mmoja wa Umar aliyekuwa akiitwa kwa neno hilo la pili, akamwita Jamila, yaani mzuri. Kwa Mwarabu majina haya mawili yako mbalimbali. Kwa Mswahili, ambaye ulimi wake hauitamki ain, yote mawili ni mamoja. Na katika uwanja wa michezo, ambako watu huandika kwa herufi za Kilatini, tofauti hiyo hupotea kabisa, isipokuwa kwa wale vijana waliozoea kuweka tarakimu ya 3 mahali pa ain.

Sasa tuulize: kuna hasara gani mtoto akifutiwa jina la farasi wa kuchora? Farasi atapata jina jingine, na mchezo utaendelea. Hasara, wapenzi wasikilizaji, haiko kwa farasi. Mtoto wa Samail aliyechekwa kwa ajili ya neno la babu yake hatasema kwamba lugha mbili zimepishana. Atasema kwamba lugha ya nyumbani ni chafu. Siku ya pili hatamuuliza tena babu jina la kitu chochote, na akiitwa kwa Kiswahili mbele ya wenzake atajibu kwa Kiarabu au asijibu kabisa. Kiswahili cha Oman hakikatazwi na yeyote. Kinaweza kutoweka kwa aibu ndogo ndogo za namna hii, katika nyumba moja baada ya nyingine.

Basi lifanyike nini? Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 104, waumini waliamrishwa waache kusema neno "raina" na badala yake waseme "undhurna". Wafasiri wanaeleza kwamba neno la kwanza lilikuwa jema, lenye kuomba kuangaliwa, lakini palikuwa na watu Madina waliolipinda kwa ulimi hadi likawa la kejeli. Waumini hawakuambiwa kwamba walitukana. Walipewa neno jingine lenye maana iliyo karibu, lisiloweza kupindwa. Hapa pana funzo kwa mzazi: kubadilisha jina si kukiri hatia.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajaliandika jina, na litamkwe kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani wanaojua lugha mbalimbali. Bibi alipime kwa Kiswahili, baba kwa Kiarabu, na kaka aliyesoma alipime kwa Kiingereza. Shauri hili lina faida zaidi katika michezo ambayo jina likishaandikwa halibadilishwi, kama ilivyokuwa kwa Neopets, mchezo wa kufuga wanyama ulioanzishwa mwaka 1999. Na jina likionekana lina mashaka, mzazi asilifute tu akanyamaza, bali aeleze. Amwambie mtoto: "Kusi ni neno zuri, mwanangu. Ni upepo uliomrudisha babu wa babu yako. Lakini wenzako hawalijui, nao watasikia neno jingine. Mwite farasi wako Kaskazi, na wakikuuliza maana yake, wasimulie habari za pepo zote mbili."

Ama yule anayelisikia jina geni na kuchukizwa, naye ana wajibu. Kuuliza si ujinga. Kabla hajabonyeza kitufe cha kushitaki, amuulize mwenziwe jina hilo limetoka wapi. Swali moja la adabu hutenda lisilotendwa na mashine yenye maneno elfu katika orodha yake.

Wahenga wetu walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta. Mswahili anapolazimika kutaja jambo lisilopendeza husema kwanza: ashakum si matusi. Neno ashakum tumelipata kwa Waarabu, nao husema hashakum wanapotaja mbele ya mtu kitu kisichofaa heshima yake. Kwa maneno mengine, pande zote mbili za bahari zina desturi moja ya kumtanguliza msikilizaji kabla ya neno. Mashine haiwezi kuisikia ashakum wala kuisema. Sisi tunaweza, na watoto wetu wanaweza kufunzwa.