KUPIMA MAISHA YA INJINI ILIYOKWISHA KUTUMIKA
(Maelezo ya mazungumzo kuhusu ununuzi wa matrekta, Mtinko, Mkoa wa Singida. Yanatolewa hapa kwa manufaa ya watumishi na wakaazi wa visiwani.)



Mtinko ni kata iliyoko kaskazini ya mji wa Singida, mbali kabisa na bahari. Hata hivyo, mkulima wa Mtinko anayenunua trekta kuukuu na mvuvi wa Unguja anayenunua boti kuukuu hukabiliwa na suala moja: injini hii imebakiwa na maisha kiasi gani? Vyombo vyote viwili havipimwi kwa kilomita, bali kwa saa ambazo injini imefanya kazi. Hivyo yanayosemwa hapa kuhusu trekta yanamfaa pia mwenye boti, na mwenye trekta la kulimia mpunga katika bonde la Cheju.

Suala hili si dogo. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Trekta likifa mwezi wa Desemba, shamba la alizeti au mtama halilimwi kwa wakati, na majirani waliokwisha lipia kulimiwa hudai fedha zao. Mnunuzi huweza kupoteza mtaji na mavuno kwa pamoja.

Yafaa kwanza ieleweke maana ya saa hizo. Injini yenye saa 6,000, lau ingekuwa ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ingekwisha kwenda kilomita 300,000. Trekta linalofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 60 kwa mwaka, hutimiza saa 480 kila mwaka. Basi saa 6,000 ni kazi ya miaka 12 na nusu. Kwa hesabu hiyo hiyo, trekta la miaka 20 ambalo mita yake inaonesha saa 1,500 limefanya kazi saa 75 tu kwa mwaka. Ama lililala muda mrefu, na injini iliyolala hushika kutu ndani ya silinda. Ama mita iliharibika au ilibadilishwa. Pedali iliyolika, usukani unaocheza na pini za jembe zilizokwisha haziafikiani na mita yenye saa chache.

Aidha, mita za zamani zinazozungushwa na injini yenyewe huhesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangwa. Injini ikizunguka polepole, mita nayo huhesabu pungufu. Mita za umeme hazina tabia hiyo. Kwa hiyo saa 4,000 za mita moja si lazima zilingane na saa 4,000 za nyingine.

Injini ya dizeli ya trekta iliyotunzwa vyema huweza kufikia saa 8,000 hadi 10,000 kabla ya matengenezo makubwa. Iliyopuuzwa huweza kufa kabla ya saa 3,000. Injini ya petroli inayofungwa nyuma ya boti huwa na umri mfupi zaidi, mara nyingi saa 1,500 hivi. Kinachotenga injini mbili za aina moja ni utunzaji. Ikiwa oili hubadilishwa kila baada ya saa 250, injini ya saa 6,000 yapaswa kuwa imebadilishiwa oili mara 24. Muuzaji aulizwe daftari au risiti. Aulizwe pia habari za chujio la hewa, kwani vumbi la kiangazi likipenya kwenye mpira uliopasuka husaga ringi na silinda. Kwa mwenye boti, adui huyo ni maji ya chumvi, yanayokula njia za kupoozea injini na bomba la moshi.

Mnunuzi anashauriwa kufuatana na fundi wake mwenyewe na kufanya yafuatayo:

1. Afike asubuhi na aiguse injini. Ikiwa imekwisha pashwa moto, aombe siku nyingine, kwa kuwa injini iliyochoka huficha ugumu wake wa kuwaka inapokuwa ya moto.

2. Achomoe kijiti cha oili na, injini ikiwa bado baridi, afungue kifuniko cha rejeta. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Mafuta yanayoelea ndani ya rejeta ni dalili ya hitilafu.

3. Atazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi usiokwisha ni dizeli iliyozidi au hewa iliyopungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto ni maji yanayoingia, au dizeli isiyoungua.

4. Injini ikiwa inanguruma, afungue kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha.

5. Trekta lilime kwa saa nzima, na boti ipelekwe baharini na mzigo wake. Joto na mgandamizo wa oili vitazamwe injini ikiwa moto.

Namba za injini na za chasisi zilinganishwe na kadi ya usajili kabla ya fedha kutolewa. Watumishi wanaohusika na minada ya vyombo vya umma wanafahamu kwamba vyombo huuzwa "kama vilivyo na mahali vilipo". Baada ya nyundo kugonga, hakuna pa kurejesha. Siku ya ukaguzi iliyotangazwa ndiyo nafasi pekee ya mnunuzi.

Mwisho ni bei. Fundi akadirie gharama za kuifungua injini na kuvisha silinda, pistoni, ringi na beringi mpya, na gharama hizo zijumlishwe na bei ya muuzaji. Jumla ikizidi bei ya chombo chenye saa chache na kumbukumbu kamili, biashara hiyo iachwe. Ikipungua, saa nyingi zisimwogopeshe mtu. Injini ya saa 7,000 yenye daftari ni salama kuliko ya saa 2,000 isiyo na shahidi. Asiyekagua hununua mbuzi ndani ya gunia, na kwa mkulima wa Mtinko gunia hilo hufunguliwa Desemba, mvua ikinyesha.