Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Masomo ya Takwimu
Hotuba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya mchango wa mwaka, Mji Mkongwe



Kila mwaka sisi wa Kamati ya Fedha husimama mbele yenu kusoma hesabu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu liko safi. Lakini leo tunakiri jambo ambalo daftari halikulionyesha.

Mnalikumbuka tangi la maji. Risiti zote zipo. Kabla ya kulijenga tuliuliza watu liwekwe wapi, na tuliuliza barazani, baada ya sala ya Ijumaa. Waliojibu ni wanaume wanaokaa karibu na msikiti, nao wakataja pale pale. Akina mama wa upande wa mashambani, ambao ndio wabeba ndoo, hawakuwepo. Tangi likajengwa palipokuwa na mfereji tayari. Hakuna aliyechukua hata shilingi, na bado fedha yenu haikufika ilipotakiwa. Kosa ni letu.

Mwanafunzi wa takwimu angetuzuia mapema. Hufundishwa kwamba ukiwauliza waliokuja tu, umepata jibu la waliokuja tu. Hufundishwa kuchagua sampuli ili kila kaya iwe na nafasi ya kuulizwa, kutunga swali lisilomwelekeza mjibuji, kurudi kwenye nyumba aliyoikuta imefungwa badala ya kuingia kwa jirani, na kusema wazi jibu lake linaweza kukosea kwa kiasi gani. Ndiyo maana Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, hupiga hodi kwenye baadhi tu ya nyumba na ikaweza kueleza hali ya Unguja na Pemba. Sisi wahasibu tunahesabu kilichoandikwa. Mtakwimu anajua kuhesabu ambacho hakijaandikwa.

Na haja ipo. Sensa ya 2012 ilikuta Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikakuta 1,889,773, na kati yao 1,346,332 wako Unguja. Ni ongezeko la watu zaidi ya 586,000 kwa miaka 10. Wote hao wanataka maji, skuli na kituo cha afya. Sensa huja mara moja kila miaka 10, na sisi tunajenga kila mwaka. Katikati hapo tumekuwa tukikisia.

Masomo hayako mbali. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam kilianzishwa 1961. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma navyo vinafundisha takwimu. Vijana wetu wanaofaulu hesabu wapo. Kinachowakwamisha ni ada, chumba, nauli ya boti na kompyuta.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa mwaka huu umsomeshe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mpaka amalize. Sharti letu ni moja. Kila likizo ndefu arudi shamba, apite nyumba kwa nyumba pamoja na vijana wenzake, aulize maji yanachotwa wapi na nani anayachota, kisha majibu yasomwe hapa mbele yenu, hata yakitutia haya. Tangi la pili halitajengwa kabla ya siku hiyo.

Bahasha ziko mezani, na daftari liko wazi kwa anayetaka kulikagua. Haba na haba hujaza kibaba.