Chumba Kinachojibu: Kupima Mwangwi wa Bukoba na Muleba



Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa jinsi majengo yalivyoharibika. Leo majengo mapya yamesimama. Namna vyumba vya zamani vilivyoirudisha sauti ya mwalimu, hiyo haijengeki upya kwa kutazama picha.

Kila chumba hujibu. Piga kofi moja ndani ya Kanisa Kuu la Bukoba, alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa: sauti ya kwanza inakufikia moja kwa moja, kisha zinafuata zilizogonga sakafu, kuta na dari, maelfu kwa maelfu, zikififia. Jibu hilo la mshindo mmoja ndilo mwitikio wa impalsi. Ukilinasa umekinasa chumba, ila kwa pale tu mshindo ulipotokea na pale maikrofoni iliposimama. Sogeza kimojawapo hatua chache, umepima kitu kingine.

Wengi hupasua puto. Si vibaya, ila puto lina besi haba, na hakuna maputo mawili yanayopasuka sawasawa. Mimi nashauri njia aliyoieleza Angelo Farina mwaka 2000. Spika inatoa mluzi mrefu unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, kompyuta inarekodi, halafu hesabu inaubana mluzi wote uwe mshindo mmoja. Sauti za ziada zinazozushwa na spika yenyewe hujitenga na kuangukia kabla ya mshindo, nawe unazikata bila kugusa mwangwi.

Adui ni kelele. Kwenye kanisa la bati, jua likipanda bati linatanuka na kudata, na kila mdato unaingia kwenye rekodi. Weka hapo na bodaboda. Kwa hiyo kazi ni ya usiku, feni zimezimwa, na mvua ya Bukoba ikianza mnafunga vifaa mnakwenda kulala. Wallace Sabine wa Harvard, tangu 1895, naye alikesha akihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, hadi akaonyesha kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha sauti kinachomezwa ndani yake. Waumini nao humeza: kanisa tupu la Jumanne si kanisa la Jumapili.

Konvolusheni, yaani kuuvisha wimbo mwitikio wa chumba uliopimwa, ni kuzidisha na kujumlisha. Kila sampuli ya wimbo huzaa nakala ya mwitikio mzima. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na mwangwi wa sekunde 3, ni kuzidisha karibu mara bilioni 7 kila sekunde. Hesabu ya Fourier hufupisha safari hiyo. Mwaka 1999 Sony waliuza mashine maalumu ya kazi hii. Leo laptopu ya produsa wa mtaani inatosha.

Ugomvi wangu na maprodusa uko hapa. Mtu anarekodi enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, halafu anaitia mwangwi wa kanisa la Ulaya uliokuja na programu. Enanga ina sauti ya chini, na mpigaji husimulia tendi. Msikilizaji anafuata neno kwa neno. Mushonge, nyumba ya jadi ambamo enanga hupigwa, imeezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, na sakafuni pia nyasi zimetandikwa. Nyasi humeza sauti, kwa hiyo jibu la mushonge ni fupi na kavu, na maneno hubaki wazi. Mwangwi wa sekunde sita unayarundika yasisikike.

Tusisubiri tetemeko jingine. Sauti ya Notre-Dame, Paris, ilipimwa mwaka 2013 na Brian Katz na wenzake. Paa lilipoungua Aprili 2019, vipimo vilikuwapo. Napendekeza tuanze na mushonge zilizobaki, kisha Kanisa Kuu, kisha kanisa la Rubya kule Muleba. Mluzi utolewe pale mpiga enanga anapoketi au padri anaposimama, maikrofoni iwe walipo wasikilizaji. Kila faili liende na tarehe, vipimo vya chumba, idadi ya watu waliokuwamo, na kwa mushonge, kama nyasi za sakafuni zilikuwa mbichi au zimekauka.